Kwezi Wawili, Mjomba Mmoja: Siku Tano kutoka Mwanza hadi Rubondo

Jumatano. Mwanza na kisiwa cha Saanane

Shikamoo yangu haijaitikiwa, mjomba ameshauliza: "Na hao ndege wako wanaliwa?"

Nikamwambia hawaliwi. Akatua begi lake na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliofungiwa na mkewe, akavuta kiti. "Sasa tunakwenda kufanya nini?"

Ana haki ya kuuliza. Mimi nafundisha baiolojia sekondari na ni mlezi wa klabu ya mazingira. Muhula huu niliwaahidi wanafunzi chati kubwa ya ukutani inayolinganisha ndege wawili wa jamii ya kwezi: kwezi wa Abbott, ambaye ni wa huku kwetu Afrika Mashariki, na maina wa Java, wa Indonesia. Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wote wawili wamewahi kuandikwa daraja moja, lile la walio hatarini, na hapo ndipo nilipopata wazo la chati. Nilifikiri ndege wa daraja moja watakuwa na shida moja, na chati ingejijaza yenyewe.

Hakuna hata mmoja kati yao anayepatikana Mwanza. Kwezi wa Abbott ni ndege wa misitu ya milimani, kuanzia mita 1,800 hivi kwenda juu, na ziwa letu liko kwenye mita 1,130 na kidogo. Maina wa Java ndiyo kabisa, yuko ng'ambo ya bahari. Ila ndugu zao tunao, na kisiwani Rubondo kuna msitu wa kweli na mikuyu ya kweli, mahali ambapo kwezi huja kula. Nilitaka kuwaona kwezi wakiwa kazini, niwachore, kisha niwaeleze wanafunzi kwa macho yangu badala ya kunakili vitabuni. Mjomba nimemchukua kwa sababu tangu aache uvuvi hana raha nyumbani, na shangazi zangu wote wameniomba nimtoe kidogo.

Tukaanzia Saanane kwa kuwa ni karibu: unapandia boti Capri Point, na kabla hujakaa vizuri umefika. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kiasi kwamba unaweza kuizunguka yote na bado ukawahi chakula cha mchana. Mawe makubwa yamepandana, pimbi wanaota jua juu yake, magugu maji yamekwama upande wa upepo.

Kwezi wa kwanza tulimpata nyuma ya meza za wageni, akiokota mabaki ya chipsi. Mkia mrefu, mwili unaong'aa buluu ukigeukia zambarau kila anapojipinda, na jicho jeupe la kushtua. Mjomba akamtazama kupitia darubini (lenzi ya kushoto ina ukungu, naomba radhi kwa wote watakaoitumia safari hii). "Huyu yupo hata kwangu Igoma," akasema. "Anaiba chakula cha kuku. Huyu naye yuko hatarini?"

Hapana, huyu yuko salama. Familia ya kwezi ina spishi zaidi ya 100 na wengi wao ni watundu wa namna hii. Wanakula matunda, wadudu, makombo, chochote. Ndiyo maana mtu anashangaa kusikia baadhi yao wanaisha.

Jambo moja la leo nitaliandika kama lilivyotokea. Tukirudi gatini, kundi la cherero, wale kasuku wadogo, lilipita juu yetu likipiga kelele, likatua kwenye mti uliokauka. Kijani mgongoni, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho. Ni ndege wa kwetu hasa: asili yake ni huku kusini mwa ziwa, ingawa jina lake la kitaalamu limetokana na Mjerumani, daktari Gustav Fischer. Nikampa mjomba darubini. Akaisukuma kwa kiganja.

"Hao nawafahamu," akasema, akatangulia kwenye boti.

Alhamisi. Nyegezi, Kigongo, Geita

Basi la saa mbili lilitoka saa tatu na nusu.

Daraja la Kigongo na Busisi mjomba alikuwa hajalipita tangu lifunguliwe. Kilomita tatu juu ya maji, dakika chache umemaliza. Alibandika uso dirishani kama mtoto. Zamani hapa ilikuwa pantoni, foleni ya malori, akina mama na beseni za samaki wa kukaanga, na kama una bahati mbaya unakaa mpaka jioni. Mimi binafsi pantoni niliipenda kwa sababu moja tu: ukisimama pembeni uliwaona mnandi wakizamia na kuibuka, na mdiria amesimama hewani akipiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Kwenye daraja unaona kingo za zege. Lakini sitamwambia mgonjwa anayewahishwa hospitali ya Bugando kwamba nakumbuka pantoni.

Baada ya Sengerema nikatoa daftari la chati, mjomba akaanza maswali yake. Nimjibu vipi mtu aliyevua miaka thelathini, anayejua kila samaki wa ziwa hili kwa kumpapasa gizani? Niliamua kumweleza kama vile namweleza habari za mtu.

Kwezi wa Abbott ni mdogo, sentimita 17 hivi. Dume ni mweusi wa kung'aa buluu kichwani, mgongoni na kifuani, halafu tumbo ni jeupe ghafla, utadhani amevaa shati na kusahau kulichomekea. Jicho la njano. Jike ni kahawia mwenye michirizi. Anaishi juu kabisa ya miti mirefu ya msitu wa mlimani na anapenda matunda: Kilimanjaro kwa upande wetu, na Kenya kwenye Mlima Kenya, Aberdare na ile miteremko ya Kikuyu. Sayansi ilimwandika 1897 kutokana na ndege aliyekusanywa Kilimanjaro na Mmarekani William Louis Abbott. Minde naye, yule swala wa msituni anayepatikana Tanzania peke yake, kwa Kiingereza ana jina la mtu huyohuyo.

"Kwa hiyo Mmarekani kaja mara moja, kaondoka na swala na ndege," mjomba akasema. Abiria wa kiti cha mbele akacheka.

Nilimwona kwezi huyu mara moja tu, mwaka juzi, upande wa Kilimanjaro. Nilisimama saa nzima shingo imepinda, na nilichoambulia ni jike. Kwa uaminifu, kama mwenyeji aliyekuwa nami asingenishika bega, ningempita nikidhani ni ndege mwingine yeyote wa kahawia. Alikuwa juu mno, akimeza tunda moja baada ya jingine, hana habari na sisi. Hana wimbo wa kumfanya mtu asimame. Hakuna mtu anayemfuga. Ukimtaja sokoni Moshi watakuuliza ni nani.

"Anakufa na nini sasa?"

Na miti, nikasema. Hawezi kushuka akaishi kwenye migomba. Anahitaji msitu wa milimani wenye miti mizee: mizee ili izae matunda ya kutosha, mizee ili iwe na mashimo ya kutagia, maana yeye hajengi kiota tawini kama mnana. Na mti mzee ndio mti wenye mbao. Mwaka 2001 watafiti waliruka kwa ndege ndogo juu ya misitu ya Kilimanjaro wakihesabu uharibifu, wakakuta miti ya kafuri zaidi ya 2,000 iliyokatwa siku za karibuni. Kafuri ile ya mlimani, mbao nzuri inayonukia na kudumu. Baadaye, 2005, msitu ule ukaingizwa ndani ya mipaka ya hifadhi ya taifa.

Mjomba akawa kimya mpaka Geita. Tulifika jua kali, vumbi jekundu, bodaboda wanne wakigombea begi moja. Gesti tuliyolala ilikuwa na feni isiyozunguka na televisheni isiyozimika.

Ijumaa. Geita, Chato, Kasenda

Siku ya kungoja, haina mengi.

Tulifika Kasenda saa saba tukitarajia kuvuka. Malipo ya kuingia hifadhini ni ya mtandao, na mtandao wa simu ulikuwa umelala. Namba ya malipo ikagoma mara tatu, mara nne. Boti ipo, injini ipo, kisiwa unakiona kabisa mbele yako kama kilomita chache tu, lakini simu inazungusha kiduara. Tukalala upande wa bara.

Nilitumia muda huo kumwonyesha mjomba video niliyotumiwa na kijana niliyewahi kumfundisha, sasa anafanya kazi melini na hupita Singapore. Meza ya mgahawa wa nje, sahani ya tambi imeachwa, na ndege wanne weusi wa kijivujivu wameipanda. Mdomo wa njano, miguu ya njano, kishungi kifupi juu ya pua, doa jeupe bawani. Mmoja anavuta tambi kama mtoto.

"Huyo ndiye maina wa Java," nikamwambia.

Akaitazama tena. "Huyu? Huyu ndiye unaniambia anaisha?"

Hapo ndipo kichekesho kilipo, kama ni kichekesho. Singapore hakuwa wa asili. Alifika miaka ya 1920 ndani ya vizimba vya wafugaji, wengine wakatoroka, na leo ndiye ndege anayeonekana kwa wingi kuliko karibu wote pale. Jioni wanajaa kwenye miti ya barabara ya Orchard kwa maelfu, wenye maduka wanalalamikia kelele na vinyesi. Lakini Orodha Nyekundu haihesabu wahamiaji. Inahesabu nyumbani kwake, Java na Bali, na nyumbani kwake porini anatafutwa kwa shida.

Wenyewe humwita jalak kerbau, kwezi wa nyati, kwa sababu alizoea kutembea mashambani nyuma ya nyati wa kulimia akidaka wadudu wanaofumka.

"Kama yangeyange na ng'ombe wetu," mjomba akasema.

Hasa. Ndege wa shambani, wa njiani, hahitaji msitu wowote. Mti ukikatwa anahamia kwenye paa. Kosa lake ni kwamba ana sauti na akili ya kuiga, na amezaliwa kisiwa ambacho watu wanapenda ndege kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2020 ulikadiria kuwa vizimba vya Java vina ndege kati ya milioni 66 na 84, na kwamba karibu kaya moja katika kila tatu inafuga. Kuna mashindano ya ndege kuimba, yana waamuzi na zawadi. Jakarta kuna soko la Pramuka, ndege tupu. Wazee wa Kijava walisema mwanamume aliyekamilika ana vitu vitano: nyumba, mke, farasi, jambia na ndege.

"Mimi ninavyo viwili," mjomba akasema, "na kimoja kinavuja."

Usiku tulikula sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo. Kwa mbali karabai za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejipanga majini utadhani mji mwingine umeota ziwani. Alizitazama muda mrefu.

Jumamosi. Rubondo

Saa moja kasoro tukavuka. Dakika ishirini, maji yametulia, furukombe akituitia kutoka kila rasi.

Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na kwa mtu aliyezoea mapori ya Usukuma yaliyobaki vichaka na mawe, msitu wake unashangaza. Unaingia tu na hewa inabadilika. Mizizi ya mikuyu imeteremka kama kamba za nanga. Mhifadhi aliyetutembeza, kijana mpole mwenye hatua za haraka, alitueleza kuhusu sokwe walioletwa miaka ya 1960 kutoka Ulaya, na nzohe, swala wa majini, wanaosimama matopeni mpaka tumboni. Sokwe tuliwasikia tu.

Mkuyu niliokuwa nautafuta tuliukuta nyuma kidogo ya ufukwe, umeiva. Ukisimama chini yake unasikia kwanza: kuyu zinadondoka, top, top, kwenye majani makavu, na juu kuna mbishano wa hondohondo, njiwa, shorewanda. Harufu tamu ya kuchacha. Nzi wengi. Nikatandika kanga, nikalala chali. Hii ndiyo njia pekee ya kutazama ndege wa juu bila kuumia shingo, na nilijifunza Kilimanjaro kwa kuchelewa.

Mjomba hakutaka kulala chini mbele ya kijana wa watu. Alisimama ameegemea fimbo. Na ndiye aliyeona kwanza.

"Mjomba! Huyo hapo! Huyo wako, tumbo jeupe!"

Nikainuka nusu. Kwenye tawi la chini, mita saba au nane tu, ndege mdogo alikuwa ameshika kuyu kubwa kuliko kinywa chake. Akalipigapiga kwenye gome, akalipindua, akalipasua, akameza kipande na kutikisa kichwa. Alipogeuka jua likampata mgongoni. Sijui niiite rangi gani. Zambarau iliyoiva, zambarau ya divai, na ndani yake moto mwekundu unaopita na kuzimika. Koo vilevile. Kisha tumbo jeupe pee. Pembeni yake, jike: kahawia, kifua cheupe chenye michirizi mizito.

Siyo yeye, nikamwambia mjomba, ni kwezi zambarau. Lakini hukukosea bure. Wataalamu wenyewe kwa muda mrefu waliwaweka jenasi moja, huyu na yule wa Abbott. Pima: urefu ni uleule, tumbo jeupe lilelile, jike wa kahawia yuleyule, matunda, tundu la mti. Tofauti ni kwamba mwenzake wa mlimani ni mweusi-buluu badala ya zambarau, na jicho lake ni la njano kali wakati la huyu ni jeusijeusi. Na tofauti nyingine haionekani kwa darubini: huyu zambarau anakula na kutaga nusu ya Afrika, savana, mashamba, bustani za watu, anahama na mvua. Yule amefungwa kwenye kofia za milima michache.

Nikachora kwa nusu saa. Dume alirudi mara nne, akichagua kila mara kuyu za upande uleule wa jua. Nimechora mdomo vibaya lakini mkao wake nimeupata.

Mchana tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha banda, filimbi ndefu ikatoka msituni, ikafuatwa na mlio mkali kama wa kitasa kisichotiwa mafuta. Mhifadhi akainua kidole. "Kasuku wa kijivu," akasema. "Siyo wa huku asili yao. Mwaka 2000 walikamatwa mikononi mwa wasafirishaji haramu, wakaletwa kuachiwa hapa."

Mjomba akauliza taratibu sana: "Walipofunguliwa, walijua kuruka bado?"

Mhifadhi akasema waliruka. Kisha akaitwa redioni, akaondoka. Tukabaki sisi wawili na matobolwa.

"Unaona hapa," mjomba akasema, akanyoosha mkono wa kulia. Kati ya kidole gumba na cha shahada, kwenye ile ngozi laini, kuna kovu dogo jeupe, limepinda kama kucha. Nimelijua tangu utoto, nikadhani ni la ndoano. "Hili ni la cherero."

Nimeandika maneno yake jioni ileile, sijayapamba.

Ilikuwa miaka ya themanini, yeye kijana, ziwa limekaa vibaya msimu ule. Mtu wa Mwanza akaja Kwimba akitafuta cherero, wakiwa hai, wengi awezavyo kupata. Mjomba na wenzake watatu walikuwa na nyavu za dagaa zilizochakaa. Kiangazi, lambo la ng'ombe ndilo maji pekee, cherero hawana pengine pa kunywa. "Unalaza wavu kandokando ya maji, unaufunika matope, unakaa na kamba. Wanatua kama majani. Unavuta. Mvuto mmoja, umefunika mia." Wanang'ata, akasema, wanang'ata hasa, mdomo wao ni koleo. Wakawa wanawatia kwenye matenga ya kuku, juu wamefunga kiroba. Usiku lori.

"Wanaogopa, wanakimbilia kona moja, wanapandana. Asubuhi ukifungua, wa juu wanakutazama. Ukipitisha mkono chini, wa chini bado wana joto, lakini shingo imelegea. Yule bwana alilipa wanaoruka tu. Wale wengine tuliwamwaga nyuma ya nyumba, paka wakala mpaka wakachoka."

Nilimwambia ninachokijua: kwamba mwaka 1987 cherero wa Fischer ndiye aliyeuzwa kwa wingi kuliko ndege wote wa porini duniani. Kwamba leo kuna makundi ya waliotoroka mpaka pwani ya Kenya. Kwamba 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Sikujua kama ninamfariji au ninamsomea mashtaka. Akatikisa kichwa tu.

"Basi huyo wa Java ni cherero," akasema.

Nimelifikiria jambo hilo usiku kucha, na ni kweli. Aliiona chati yangu yote kwa sentensi moja. Maina wa Java na cherero ni kisa kimoja: ndege mwenye nyumba anayeibwa ndani yake, anaadimika kwao huku akizagaa ugenini. Kwezi wa Abbott ni kisa kingine: hakuna anayemwiba, inayoibwa ni nyumba.

Tulibishana kidogo kabla ya kulala. Mjomba alishikilia kuwa wa Java ana nafuu. "Fungua vizimba, amepona. Huyu wa mlimani utamfungulia nini?" Nikamwambia si rahisi namna hiyo, kwa sababu ukimfungua asubuhi Java, jioni amekamatwa tena, kadiri anavyoadimika ndivyo bei inavyopanda, na bei ikipanda hata mlinzi anajaribiwa. Nikampa mfano wa ndugu yake, maina wa Bali, yule mweupe karibu wote mwenye ngozi ya buluu kuzunguka jicho: mwaka 1999 watu wenye silaha walivamia kituo cha kuwazalisha kule Bali Barat wakaiba karibu wote waliokuwemo, na kufikia 2001 porini walihesabiwa sita. Wakati yule wa Abbott, ukiuacha msitu wake usimame tu, hukumfanyia kitu kingine chochote, atajitunza.

"Usimame tu," mjomba akarudia. "Unasema kama ni kitu kidogo."

Jumapili. Kurudi

Ziwa lilichafuka alfajiri. Boti ilipiga maji mpaka daftari likalowa pembe moja. Kwezi zambarau sasa ana doa la kijani kwenye bawa, litabaki hivyohivyo. Injini ilizimika katikati mara moja, mjomba akasogea nyuma bila kuombwa, akachomoa bomba la mafuta, akalipuliza, akatema, likawaka. Ndiyo mara pekee safari nzima niliyomwona ana raha kabisa.

Ndani ya basi nilifungua chati upya. Nilikuwa nimepiga mistari Mwanza: ukubwa, rangi, chakula, kiota, makazi, daraja la hatari. Safu mbili, kila kisanduku kina mwenzake. Mjomba akaichukua, akaisoma taratibu kidole kikifuata maneno, kama anavyosoma risiti.

"Umesahau bei."

Bei gani, mjomba?

"Mnunuzi yeyote anauliza bei. Hapa umeandika wanakula nini, wanalala wapi, umeandika kama wewe ndiye unawatafutia wachumba. Hawa wako hatarini kwa sababu kuna mtu analipwa. Kiasi gani?"

Nikapiga mstari mpya chini ya daraja la hatari. Kwa maina niliandika kwamba ananunuliwa, ana soko, ana mashindano, bei hupanda anapoadimika. Nikaenda safu ya kwezi wa Abbott, nikasita, nikaweka kistari. Huyu hana bei, nikasema, hakuna anayemnunua.

Akanitazama kama anavyomtazama mtu anayemwuzia sangara wa jana.

"Si umesema anakaa kwenye mti wa mbao? Andika bei ya ubao."

Nikaandika. Barabara ya kutoka Geita ina matuta mengi, maandishi yamepanda na kushuka, "ubao" unasomeka kama "ubaa". Tulipofika Sengerema mjomba alinunua karanga za kuchemsha za watu wawili akazila zote mwenyewe, na darajani alikuwa amelala, darubini shingoni, lenzi yenye ukungu ikielekea ziwani.